Aliyekataa Kuhesabu Watoto Wake

Kliniki yetu ya wazee ilipewa chumba kilichokuwa cha kuwekea magodoro yaliyochanika. Nilipolalamika, mkubwa mmoja wa hospitali aliniambia nishukuru kwa nilichopata, maana wazee wenyewe hawakai sana. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunichekesha tu. Sikucheka. Niliyatoa yale magodoro moja moja, nikayapanga mbele ya ofisi yake, na yakakaa pale mpaka alipoyatafutia mahali. Tangu siku hiyo nikajulikana kuwa daktari mwenye kichwa kigumu, na sijaona sababu ya kulikana jina hilo.

Kazi yangu ni kufundisha. Madaktari waliokwisha hitimu, ambao sasa wanasomea udaktari wa familia, huletwa kwetu Isiolo wakae kwa miezi kadhaa, nami huwafundisha kuwatibu wazee. Wengi hufika wamenuna. Wangependa wawe chumba cha upasuaji, au na akina mama wanaojifungua, mahali ambapo mtu akitibiwa anapona na watu wanapiga makofi. Mambo ya moyo, figo na sukari wanayajua sana. Wasichojua ni kuketi. Humuuliza mzee swali wakiwa wamesimama, kisha wanamgeukia aliyemleta ili wapate jibu haraka. Tabia hiyo ndiyo ninayoipiga vita kuanzia asubuhi ya kwanza. Kwangu mgonjwa ndiye anayeulizwa, hata kama jibu lake linachelewa mpaka chai inapoa.

Mwaka ule nililetewa daktari kijana kutoka milima ya Meru, mtoto wa wakulima, mwepesi wa akili na mwenye miguu isiyotulia. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Lakini aliniambia waziwazi, wiki ile ile aliyofika, kwamba haoni kuna nini cha kujifunza katika kuwatibu wazee ambacho hakimo kwenye vitabu. Nikamwambia vizuri, atanionyesha hivyo vitabu vinasema nini kuhusu watu wa Garbatulla, mbali huko nyikani kwa wafugaji.

Siku moja akaja mwanamume wa makamo pamoja na mama yake. Mwanamume huyo alikuwa mfanyabiashara mdogo wa hapa mjini, anaishi Bulla Pesa kwenye vyumba vya kupanga. Mama alikuwa mjane, mfugaji wa mbuzi, na nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya Garbatulla. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso juu ya shela nyeusi, na fimbo yake aliilaza mapajani kama mtu anayengoja mkutano uanze. Nilimwita akko, yaani nyanya, kama tunavyowaita wanawake wa umri wake sisi Waborana. Daktari wangu alimwita shosho, kama wanavyosema vijana wa mjini, na niliona mama wa watu akimtazama viatu.

Mwanawe alieleza shida yao. Majirani walikuwa wamemkuta mama jua likiwa utosini, mbali na nyumbani, anatembea bila viatu na kumwita dada yake aliyekufa zamani. Alipoulizwa anakwenda wapi hakujua. Mwana alipopata habari hizo akamfuata, akamleta mjini kwake, na sasa walikuwa wamekaa siku kadhaa. Alitaka daktari aseme kama akili ya mama imekwisha. Kama imekwisha, angewaambia wajomba zake, mbuzi wauzwe, nyumba ifungwe, na mama ahamie kwake Bulla Pesa moja kwa moja. Wajomba walikuwa wamesema watakubali neno la daktari, si la mtoto. Alisema haya yote mbele ya mama yake kana kwamba mama ni mzigo uliofungwa. Lakini alikuwa ameogopa kweli.

Nikamwachia daktari kijana kazi, nikakaa pembeni. Hivyo ndivyo ninavyofundisha. Nawaacha wakosee nikiwapo.

Akko alijua Kiswahili cha sokoni, maana ujana wake wote aliuza maziwa hapa mjini. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkalimani. Daktari akaanza na maswali yale ya kupima kumbukumbu ambayo wanafundishwa chuoni. Aliuliza huu ni mwezi gani. Akko akasema Rajabu. Daktari akasita, akatikisa kichwa kidogo, akaandika. Aliuliza mkubwa wa nchi ni nani. Akko akasema ni yule wa kuahidi barabara. Daktari akaandika. Akamuuliza jina la marehemu mumewe, na akko akafumba mdomo, akatazama ukuta. Alipoulizwa ana watoto wangapi, alisema, "Wapo." Alipoulizwa mbuzi ni wangapi, alisema, "Wapo pia." Daktari alirudia swali la watoto polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyozungumza na viziwi. Akko akaigeuza fimbo yake na asijibu kitu tena.

Daktari akamgeukia mwana. Niliona mdomo wake ukijiandaa kusema lile neno, na mwana naye amelegea mabega akilingoja. Nikasimama. Nikawaambia tutawapa jibu baada ya kumtembelea mama nyumbani kwake, si kabla, na kwamba mbuzi hata mmoja asiuzwe. Mwana akaniuliza nyumba ina nini cha kutibiwa. Nikamwambia akifika huko ataona.

Tulipobaki wawili, daktari kijana alikuwa amekasirika, na mimi nilikuwa nimekasirika kumpita. Alisema nimemdhalilisha mbele ya mgonjwa. Alisema kipimo kile kinatumika dunia nzima.

"Basi dunia nzima haijamuuliza mama wa Kiborana idadi ya watoto wake," nikamwambia.

Nikamweleza mambo ambayo nyanya yangu mwenyewe alinilea nayo, hapa hapa Isiolo. Mwanamke aliyelelewa vizuri hatamki jina la mumewe, awe hai au amekufa. Ni heshima, na amekaa nayo maisha yake yote, hawezi kuivua kwa sababu kijana aliyevaa koti jeupe amemuuliza. Watoto na mifugo hawahesabiwi mbele ya mgeni. Ukiwataja kwa idadi ni kama unawanyooshea kidole, unayaita mabaya yaje yawapunguze. Ukiulizwa unasema wapo, na mwenye kuuliza anaridhika. Na kwa hesabu ya Kiislamu, Rajabu ilikuwa Rajabu. Angetoka nje akamuuliza mlinzi wa lango angeambiwa hivyo hivyo. Mama wa watu alikuwa amepewa alama za mwendawazimu kwa kuwa na adabu, na hilo lilinichoma moyo, kwa sababu nilijua ni wangapi waliokwisha pita katika vyumba vingine bila mtu wa kusimama kuwatetea.

Kisha akauliza swali la maana, na ndipo nilipoanza kumpenda. Aliuliza, sawa, adabu tumeielewa, lakini je, ile siku aliyopotea? Ile haikuwa adabu.

Nilimwambia jibu la hilo tutakwenda kulitafuta nyumbani kwake.

Tulikwenda Garbatulla na gari la chanjo. Ile barabara inajulikana, sina haja ya kuieleza, ila daktari wangu aligonga kichwa kwenye dari mara nyingi na hakulalamika. Akko alikuwa ametangulia na mwanawe. Alikuwa amegoma kula mjini mpaka alipoahidiwa kupelekwa nyumbani kwanza. Tulimkuta amesimama mlangoni kwake, na huyo hakuwa mgonjwa tuliyemwona chumba cha magodoro. Alituamkia kwa salaam aleikum, akatuketisha, akamtuma jirani maziwa, akapika chai, akatupimia sukari kwa jicho. Ndani kulikuwa kumefagiwa. Vibuyu vya maziwa vilikuwa vimefukizwa moshi na kupangwa, maji yamefunikwa, kamba ya mbuzi imening'inizwa mahali ambapo mtu anaweza kuifikia bila kuinama. Mtu aliyepanga nyumba hiyo alikuwa amefikiria goti lake na mgongo wake.

Nilikuwa nimemwambia daktari asiulize swali lolote la kipimo. Aketi chini, anywe chai, na aombe kuonyeshwa dawa zote zilizomo nyumbani, za hospitali na za duka. Hiyo ni kawaida yetu. Mzee hatibiwi kwa dawa ulizomwandikia wewe peke yake, anatibiwa na zote anazomeza.

Akko akaleta kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vidonge vya presha, mafuta ya kuchua, na mfuko wa karatasi uliojaa vidonge vidogo vya manjano, vile vya mafua na mwasho vinavyouzwa dukani bila kuulizwa neno. Daktari akavishika, akamuuliza anavimeza kwa nini. Ngozi ilikuwa ikimwasha, na usingizi ulikuwa haumjii. Mwanawe ndiye aliyemletea kutoka mjini, na vilipomsaidia akamletea vingine zaidi. Alikuwa akivimeza asubuhi, mchana na jioni. Kule mjini hakuvimeza, kwa kuwa kopo lilibaki huku.

Nilimtazama daktari wangu, naye akanitazama. Hili lilikuwa kwenye vitabu vyake. Vidonge hivyo kijana akimeza atasinzia basi, lakini mzee vinaweza kumvuruga kichwa mpaka asijue alipo na aongee na waliokufa, na akiviacha akili inarudi. Alilieleza jambo hilo vizuri, kwa maneno mepesi, akimweleza akko mwenyewe. Mwana alikuwa ameketi karibu na mlango. Niliona uso wake ukibadilika alipoelewa kuwa dawa aliyoinunua kwa mapenzi ndiyo iliyomtembeza mama yake juani. Hakuna aliyemlaumu. Nilimwambia kosa ni letu sisi madaktari, ambao kazi yetu ilikuwa kuuliza na hatukuuliza.

Nilidhani mwana angefurahi. Badala yake alisema hata hivyo mama atarudi naye Bulla Pesa. Akili ikiwa nzima, miguu je? Akianguka huku nani atajua? Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, na ningemjibu vibaya, lakini daktari kijana aliniwahi. Hakumjibu mwana. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yake yakakaribiana na ya mama.

"Akko," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "ukianguka hapa, sisi ni mbali. Unaweza kufa kabla gari haijafika. Unajua hiyo?"

"Najua. Huko Bulla Pesa watu hawakufi?"

"Wanakufa. Lakini huko mtoto yako yuko karibu."

Akko aliweka kikombe chini. Alizungumza bila haraka, akimtazama daktari na si mwanawe.

"Mtoto yangu ni mzuri. Lakini huko mlango ni ya mwenye plot. Maji ni ya mwenye plot. Asubuhi nakaa kwa kitanda nangojea mtu aniambie choo iko wazi. Hapa nikiamka mbuzi wananijua. Kama ni kuanguka, nitaanguka kwangu. Mimi nimesema."

Daktari alimwomba arudie kwa maneno yake hatari aliyoambiwa, na akairudia yote, pamoja na ile ya gari kuchelewa, bila kupunguza. Alimuuliza kama kuna kitu kinachoweza kumfanya abadili nia. Akko akasema, kama macho yakifa kabisa, basi, hapo wamchukue. Moyo ulinijaa pale kwenye mkeka, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho nilikuwa sijui namna ya kumfundisha mtu. Mzee anajua hatari yake, anaipima, anachagua. Akishachagua, kazi yetu ni kumsaidia aishi alivyochagua, tupende tusipende.

Kisha akko akamgeukia daktari na kumuuliza yeye sasa. Mama yake yuko wapi? Juu milimani. Anamuona lini? Si mara nyingi. Anameza dawa gani? Daktari akafikiri, akakiri hajui. Akko akamtazama tena viatu, lakini safari hii alicheka, na sote tukacheka naye, hata mwana.

Vidonge vya manjano tukaviondoa. Tukapanga na jirani awe anapita kwake kila asubuhi, tukampa mafuta ya ngozi, na kizingiti cha mlango kilichokuwa kikimkwaza kikang'olewa siku hiyo hiyo na mwanawe kwa mikono yake, amekunja uso. Wajomba waliambiwa neno la daktari. Neno lilikuwa kwamba mama ana akili timamu na atakaa kwake.

Msimu wa mvua ukapita akko akiwa pale pale. Nilimwona mara mbili tatu alipoletwa kupima presha, na kila mara alimuuliza daktari habari za mama yake, na kila mara daktari alikuwa na jibu refu kidogo kuliko la awali. Kiangazi kilipokaza akaanguka kwenye boma la mbuzi. Ilikuwa asubuhi, na jirani alimkuta upesi kama tulivyopanga. Lakini gari lilichelewa, kama tulivyomwambia litachelewa, na akafariki njiani kabla ya kutufikia.

Maneno hayakukosekana. Kwenye mkutano wa asubuhi mtu mmoja alisema, bila kunitazama, kwamba kuna watu wanaofundisha falsafa badala ya tiba. Mwingine alisema mama yule angekuwa mjini angefika hospitali kwa miguu. Niliwajibu kwamba inawezekana kabisa, na kwamba huenda angeishi mwaka mwingine, ameketi juu ya kitanda akingoja choo kiwe wazi, na kila mtu angeniita daktari mzuri. Nilisema nikiletewa mwingine kama yeye kesho nitamuuliza maswali yale yale, na akichagua vilevile nitasimama naye vilevile. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilimpenda yule mama, na nilikuwa nimemlilia. Kulia na kujuta si kitu kimoja, na sikubali mtu anichanganyie.

Daktari kijana ndiye aliyeniogopesha. Siku zile hakula vizuri. Aliniuliza kama tulikosea, nikamwambia hapana, akaniuliza nina hakika gani, nikamwambia sina hakika nyingine ila kwamba alimuuliza mama na akajibiwa.

Baada ya siku za matanga mwana alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya kile chumba cha magodoro, kanzu yake ina vumbi la safari, akasema alichokuja kusema. Alisema sisi wawili tulimwambia mama yake anaweza kukaa peke yake. Alisema angekuwa kwake angekuwa hai. Alisema tulikuja na gari, tukanywa chai, tukaondoka, na yeye ndiye aliyemzika. Sauti yake ilipanda mpaka wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi wakachungulia.

Nilijiandaa kujibu, kama kawaida yangu. Daktari kijana akanigusa mkono ninyamaze. Akainuka, akamwambia pole, akangoja. Halafu akasema, bila ukali na bila kujitetea:

"Nilimuuliza anataka kukaa wapi. Nilimwambia anaweza kufa. Akachagua. Wewe ulikuwa hapo, ulisikia."

Nilidhani mwana atatugeukia tena, na nilikuwa tayari. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka mpaka ikabidi niiname mbele nimsikie.

"Mimi nilimnunulia dawa," alisema. "Nilimtafutia chumba. Nililipa mtu apake rangi. Lakini kumuuliza, mimi sikumuuliza hata siku moja."

Nilimvutia kiti. Daktari akafunga mlango, akaketi karibu naye, na walio nje wakangoja zamu yao.